Programu Imelikataa Jibu Langu

Marafiki, nimelia leo, na ndoa haijamaliza hata mwezi!

Meseji zetu zote za uchumba ziko kwenye faili moja ya kompyuta, aina ya XML. Simu zilikotoka nilishaifuta nikampa mama mkwe kule Mbumbuni.

Mutua wangu, huyu mwanaume mtamu jamani, akaandika programu ya kuzisoma ili tuchapishe kitabu.

Ikasoma kidogo, ikakwama.

"Ni emoji zako, mpenzi. Zilihifadhiwa vibaya. Nikizitoa zote, faili itasomeka."

Zote?

Siku aliponiomba tuoane, sikuandika neno. Nilimtumia 😍 tu!

"Basi nitaandika 'ndiyo' hapo," akasema.

"Usithubutu! Hilo litakuwa jibu lako, si langu."

Amefunga kompyuta. Nyinyi mngekubali?