Saruji ya Abundio Kwenye Ngome ya Mto San Juan

Saa kumi na mbili asubuhi, Abundio Urtecho yuko juu ya ngazi, patasi mkononi, anabandua saruji kwenye ukuta wa ngome unaotazama maporomoko ya mto. Saruji hiyo aliipaka mwenyewe.

“Don Abundio, bado unakwaruza tu?” anapaza sauti Melba, muuza ndizi za kukaanga, kutoka gatini. “Maharamia wenyewe walichoka wakaenda zao!”

“Maharamia walileta mizinga, Melba. Wangeleta mhandisi, ngome ingeanguka siku ileile!”

Wahispania waliijenga kuwazuia maharamia waliopanda mto kwenda kuuchoma mji wa Granada. Walijenga kwa chokaa. Mizinga iliipiga, mvua zikaipiga, ikasimama.

Abundio, 63, anaitunza tangu akiwa na miaka 19. Anang’oa miche inayoota ukutani, anaziba nyufa kwa chokaa iliyochanganywa na ute wa gome la mti uitwao mguasimo. Gome alikuwa akililoweka mkewe, Chepita, siku tatu, kwenye pipa nyuma ya jiko.

Miaka minne iliyopita wakubwa walishuka botini na mhandisi wao, viatu havina hata tope. Wakaamuru ukuta upigwe lipu ya saruji kabla mgeni rasmi hajaja. Akaja, wakapiga picha, wakaondoka. Ndiyo kazi yao hiyo.

“Chepita aliniambia, ‘Mzee, mawe yanapumua. Ukiyaziba, maji yatatokea wapi?’ Nikamjibu, ‘Mhandisi ana cheti, wewe una pipa.’ Akacheka. Hakuloweka gome tena,” Abundio ananiambia.

Alifariki mwaka uliofuata. Aliyezika mke anajua neno kama hilo linavyorudi usiku. Sikumuuliza zaidi.

Maji yalinasa ndani, ukuta ukafura. Sasa umetokeza shibiri nzima. Abundio amepeleka barua tatu. Jibu limekuja moja: asiguse kazi ya serikali.

Anaigusa. Mvua za Mei zikiikuta saruji, upande huo utaingia mtoni. Zimebaki mita sita na wiki tano.

“Wakija kukukamata je?” namuuliza.

“Wapande ngazi. Sijawahi kuona mkubwa akipanda ngazi.”

Lakini kubandua ni nusu ya kazi. Lazima nyufa zizibwe kwa chokaa. Jumapili alifunua pipa la Chepita, akaloweka gome. Kipimo hakijui. Mkewe alikuwa akiupima ute kwa vidole viwili, kisha anasema tayari.

Anashuka, anachovya vidole viwili, anaviachanisha. Ute unavutika kidogo, unakatika.

“Bado,” anasema. “Kesho naongeza gome.”