Siki ya Wadudu wa Mzee

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiwasalimia wadudu kabla hajanisalimia mimi. Alikuwa akiinama juu ya tangi la maji machafu ya kiwanda chetu cha maziwa, kule Pongwe, na kusema, "Hamjambo wanangu?" Ndipo nami nilipopata nafasi ya kumwamkia shikamoo.

Wadudu wenyewe hawaonekani kwa macho. Wanaishi kwenye tope, na kazi yao ni kufyonza fosforasi iliyomo majini. Wakizembea, fosforasi inafika kwenye bwawa la jirani, maji yanageuka kijani, perege wake wanakufa.

Kiangazi kimoja maziwa yalikuwa haba, na bwawa likaanza kugeuka kijani. Mzee alikuwa msibani. Mimi na kiherehere changu nikakumbuka mama alivyokuwa akitia shabu kwenye mtungi, maji ya kisima yakatulia meupe. Nikamimina shabu tangini, gunia baada ya gunia. Maji yaling'aa hata nikajipiga picha nayo.

Mzee aliporudi alichota tope kwa chupa, akalitazama, akakaa chini. Shabu ilikuwa imenyakua fosforasi yote na kuyachachua maji, na wadudu wengi walikuwa wamekufa. Meneja akasema wiki ijayo tope lote limwagwe. Tope hilo mzee alililea tangu kiwanda kifunguliwe. Niliona aibu, nikalia mbele yake.

"Pupa hiyo, mwanangu," akasema. "Hawa hawakutaka dawa. Walikuwa na njaa. Chakula chao ni mabaki ya maziwa, na maziwa yamepungua."

Kesho yake akaja na madumu ya siki, wapate kula. Mkewe ni mtu wa Mwera, kwenye minazi mingi, hutengeneza siki ya tembo, ile pombe ya mnazi. Nikamtania mzee: swala tano zote hizo, na tembo?

"Likishageuka siki ni halali," akanijibu. "Hata kwa wadudu."

Tukawa tunaimimina kidogo kidogo kila asubuhi, pale mwanzo wa tangi pasipopulizwa hewa. Siku meneja alipokuja, kipimo cha fosforasi, kilichopanda tena shabu ilipokwisha, kilikuwa kimeshaanza kushuka. Tope likabaki.

Siku hizi mzee ni marehemu, na kiwanda kinanunua asidi ya siki kwa mapipa. Mkewe bado ananiletea dumu moja kila mwezi. Kisayansi dumu moja halisaidii kitu. Nalimimina lote, nikiwaambia wadudu kwamba mama yao anawasalimu.