Dashibodi nimeing'oa, harufu bado ipo

Jamani, leo nimeng'oa dashibodi nzima bure.

Lile gari langu la kizee la milango miwili, la kifahari enzi zake, wiki nzima limekuwa likinukia utamutamu ndani. Nikajua tu maji ya rejeta, yale ya dawa yenye harufu tamu, yanavuja kwenye hita. Na Jumamosi ndilo la kumbeba dada yangu, bibi harusi, mpaka Mombo.

Basi, tangu asubuhi nafungua skrubu. Viti nje, redio nje.

Hita nikaifikia. Kavu kabisa.

Nikaifuata harufu kwa pua mpaka kwenye buti. Nikainua kapeti.

Tairi la akiba halipo. Kuna chane za ndizi, zimefunikwa blanketi langu.

Mama huyo, anatoka jikoni. Nikamwonyesha zile ndizi.

"Za harusi hizo. Kwa baridi hii ya Lushoto ningezivundika wapi? Gari lako likipigwa jua, humo ndani ni kama tanuri."

Nimesimama na bisibisi mkononi. Dashibodi imelala kwenye mkeka, skrubu ipi ya wapi sijui.

Wenye mama nyumbani, hapa mngesema nini?

Mama akautazama ule mkeka, akanitazama na mimi.

"Funga buti mwanangu, baridi inaingia."