Pumzi Katika Lori la Kabongo

Mwaka 1998, vita vilipopamba moto, Francine, muuguzi wa kambi ya Kamina na binti wa fundi reli wa Luena, alikuwa akisindikiza majeruhi kwa lori kutoka Kabongo. Njiani askari mmoja aliyejeruhiwa kichwani akakoroma, kisha pumzi ikakatika. Kaka yake, sajenti Mwamba, akakoki bunduki.

"Mama muganga, tia ule murija mu koo! Akikufa, na weye utamufuata."

Mrija wa kupitishia hewa ulikuwamo begini mwa Francine, lakini lori lilirukaruka mashimoni na taa ya kumulikia koo ilikuwa inazimika. Wakubwa wa jeshi walipata petroli ya vita, betri mbili wakakosa! Mrija ungepotea njia, hewa ingeingia tumboni na majeruhi angekufa.

"Apana, chef," akasema. "Sitatia."

Akaingiza mdomoni kanula, kijiplastiki kilichopinda, ulimi usizibe koo. Akafunika uso kwa barakoa yenye puto la hewa.

"Kale kakitu njo kataponesha mudogo wangu?"

"Barakoa inaomba mikono yangu yote mbili. Puto, weye njo utafinya. Ukiacha, anakufa."

Mwamba akalaza bunduki, akafinya. Kifua kikainuka.

Tangu hapo hakutisha mtu. Jasho lilimtiririka, akiuliza kila kona, "Mama, niko nafinya muzuri?"

"Usiache, chef," Francine akajibu, naye akiogopa vilevile.

Kwenye geti la kambi ya Kamina madaktari walimpokea majeruhi akiwa hai. Mwamba akawafuata mbio, vidole vyake bado vikifinya hewa. Bunduki ilibaki kwenye lori.