Ardis Lindvall, mwanamke anayelia kama sungura ili koyote waje

Saa moja kasorobo asubuhi. Jua halijachomoza, na Ardis Lindvall ameketi juu ya theluji, mgongo ameuegemeza kwenye kichaka, analia kama sungura aliyenaswa.

Mlio unatoka kwenye filimbi fupi ya mbao aliyoificha ndani ya viganja. Unaanza juu, unakatika, unarudi kwa kwikwi, kisha unafifia kana kwamba pumzi zimekwisha. Mtu asiyejua angekimbilia kuokoa. Bonde lote la Kijito cha Ash, huku mashariki mwa jimbo la Montana, Marekani, lazima liamini kwamba kuna kiumbe kinakufa hapa.

Baridi ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ovaroli nyeupe aliyoivaa juu ya makoti mawili inamfanya afanane na gunia la unga lililosahauliwa shambani. Pembeni, mbali kidogo upande wa kulia, amelala mumewe, Orrin, naye kavaa nyeupe, bunduki iko mbele yake. Ardis huita, Orrin hupiga. Hawajabadilishana kazi hiyo tangu waoane, miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Koyote anatokea kwenye ukingo wa kilima. Ni wa ukoo mmoja na mbweha, kijivu, miguu mirefu, masikio yamesimama. Anasikiliza. Anashuka mbio kuifuata sauti, anasimama tena ubavu ukiwa wazi, umbali ambao Orrin alikuwa hakosi hata akiwa na homa.

Bunduki inalia. Theluji inaruka hatua moja kushoto kwa mnyama, naye anageuka na kutoweka.

"Upepo umeivuta," anasema Ardis wanapojikung'uta.

Hakuna upepo. Orrin anaokota ganda la risasi, analitia mfukoni.

Huyo ni wa tatu kukoswa msimu huu. Kwa watu wa kazi hii, koyote aliyekoswa ni hasara kubwa kuliko ambaye hakuja kabisa. "Huyo sasa amehitimu shule," anasema Ardis. "Huo mlio hataufuata tena maisha yake yote. Na kondoo ataendelea kuwala."

Ardis ana miaka hamsini na minane. Alizaliwa bondeni humu, akafundishwa kuita na bibi yake, aliyetumia jani la nyasi alilolibana kati ya vidole gumba. Zamani ngozi moja nzuri ya koyote iliuzwa hadi dola themanini, na msimu mmoja wa baridi uliweza kulipa dizeli ya trekta na nguo za shule za binti yao. Siku hizi mnunuzi hutoa dola kumi na mbili, tena akikumbuka kuja. Kinachowaweka kazini ni chama cha wafugaji wa kondoo wa bondeni, ambacho huwalipa kila msimu ili kondoo wafike masika wakiwa hai.

Kuna wanaoishi mjini wanaomwona mkatili. Yeye habishani nao.

"Siwachukii koyote," anasema. "Anayekuja kwa mlio wangu anakuja kwa sababu ana njaa. Namdanganya mwenye njaa, na hilo si jambo la kujisifia. Lakini nimeona pia kondoo aliyeliwa nusu akaachwa, bado anapumua. Mtu huchagua."

Kondoo huyo alikuwa wa Noreen Kessel, jirani yao na mwenyekiti wa chama. Noreen ana kondoo majike mia tisa. Mwezi wa kwanza, koyote wawili, dume na jike, walimuulia kumi na mmoja, ingawa ana mbwa wawili wakubwa weupe wa kulinda kundi. Mwezi wa nne kondoo wake wataanza kuzaa, na koyote hao wasipopatikana kabla ya hapo, wana-kondoo watakuwa kama mkate ulioachwa mezani.

Kwa hiyo kila aliyekosa kulala kwa ajili ya kundi hilo alimtegemea Orrin. Na Orrin alikuwa na siri.

Majira ya vuli daktari wa mjini alimwangalia macho, akamwambia kuna doa linakua katikati ya jicho la kulia, na la kushoto limeanza. Pembeni ataendelea kuona. Katikati hapana.

"Nikitazama uwanja wa mbele naona banda, naona uzio, naona kuku," anasema Orrin. "Nikimtazama kuku mmoja, anaondoka. Kile ninacholenga ndicho kinachopotea. Mungu ana utani wake."

Ardis alijua. Wakakubaliana kunyamaza hadi msimu uishe, maana chama kingetafuta mtu mwingine. Sababu ya pili hawakuitaja hata wenyewe kwa wenyewe: hakuna kati yao aliyejua Orrin angekuwa nani bila bunduki ile. Basi kila akikosa, Ardis alisema upepo. Alimwambia mumewe, akamwambia na Noreen. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila hawakusema kifo cha nani.

Kazi yao ina sheria moja kubwa, na inahusu mkia. Koyote akikimbia hushusha mkia. Mbwa huupandisha. Mlio wa sungura huwavuta wote wawili, na asubuhi ya ukungu, kwenye theluji, mnyama mweupe na mnyama wa kijivu hufanana. Anayeita hawezi kusema, kwa kuwa ana filimbi mdomoni na neno moja hufukuza kila kitu. Hivyo mkia huamuliwa na mpigaji peke yake, kimya kimya, kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Siku mbili baada ya lile kosa la tatu, walikwenda kuketi nyuma ya malisho ya Noreen. Mbwa wake walipaswa kuwa zizini. Ardis aliita, akanyamaza, akaita. Kitu kikatokea kwenye ukungu, kikija moja kwa moja. Alimwona Orrin akiinua kichwa, akikishusha, akikiinua tena.

Halafu Orrin akasema kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi hii:

"Ardis. Mkia ukoje?"

Filimbi ilimtoka Ardis mdomoni. "Uko juu," akasema. "Juu, Orrin! Ni mbwa!"

Alikuwa Otto, mbwa wa Noreen, karuka uzio. Alifika akiwa na furaha zake zote, akamlamba Orrin glovu, kisha akamlamba uso. Orrin alimshika shingo kwa mikono miwili na hakumwachia kwa muda mrefu.

"Mimi nilishaogopa siku ile," anasimulia Ardis. "Lakini siyo kwa sababu ya mbwa. Niliogopa kwa sababu ameuliza. Mwanamume huyu haulizi hata njia akipotea."

Orrin alitoa risasi kwenye bunduki, akamkabidhi mkewe moja moja.

"Nipeleke kwa Noreen."

"Sasa hivi? Si tupate kwanza chai?"

"Sasa hivi, kabla sijapata akili ya kunyamaza."

Noreen aliwakaribisha jikoni, akawawekea kahawa na keki ya tufaha, maana alidhani wamekuja na habari njema. Orrin hakuketi.

"Jirani, leo nimemlenga Otto."

"Umemlenga vipi?"

"Kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Macho yangu yamekwisha. Tangu vuli."

Noreen aliweka birika chini. Hakumtazama yeye, alimtazama Ardis. "Nawe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia upepo."

"Nilikwambia upepo."

"Mara tatu, Ardis! Mimi nakwenda kuwaambia wenzangu upepo, upepo, kama mjinga. Yule mbwa nimemlea kwa chupa ya maziwa!"

Noreen ni mtu wa haki lakini si malaika, na hakuwasamehe palepale. Alikwenda dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo. Mwishowe alisema kwamba baadhi ya wanachama walikuwa wanataka kuleta vijana kutoka mjini, wenye vipaza sauti vya kuita koyote kwa mashine, naye ndiye aliyekuwa akiwazuia kwa jina la akina Lindvall.

"Sasa nikawaambie nini?"

"Waambie nitapiga mimi," alisema Ardis. "Nimepiga kulungu tangu nina miaka kumi na miwili, unajua."

"Na nani ataita? Huwezi yote mawili. Koyote humtafuta anayelia, akiona tu mikono inaacha filimbi kushika bunduki, basi, amekwenda."

Orrin aliinua mkono kama mtoto darasani.

Noreen akacheka bila kutaka. "Wewe? Orrin, wewe hata kanisani tunakuomba uimbe moyoni."

"Ndiyo maana nina sauti imebaki, sijaitumia."

Noreen aliwapa muda hadi kondoo waanze kuzaa. Wasipowapata wale wawili, vijana wa mjini watakuja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini koleo jipya nalo lina kelele zake. Mazoezi ya kuita yalipoanza, Ardis alimtoa mumewe nyumbani kwa ajili ya kelele, akamhamishia bandani kwa kuku. Kila siku baada ya kifungua kinywa alimfuata huko na thamosi ya kahawa.

"Sungura wako ana mafua, mzee."

"Ana baridi, kama mimi."

"Kuku wameacha kutaga."

"Hao walianza mgomo kabla yangu, usinisingizie."

Vicheko hivyo havikuwadanganya. Siku zilikuwa zinakwenda, na mlio wa Orrin ulikuwa honi tu. Ulitoka mkubwa, sawasawa, bila woga. Koyote hawezi kuuamini mlio usio na woga. Ardis alijaribu kila njia, akamshika vidole, akamhesabia pumzi. Siku moja akachoka, akamwambia neno ambalo anasema angelirudisha kama lingerudi.

"Acha kumwigiza sungura. Kumbuka ulivyotoka kwa daktari."

Orrin alikaa na filimbi mkononi. Kisha akaitia mdomoni na kupuliza. Mlio ulitoka mwembamba, ukavunjika, ukaomba, ukakatika katikati kama mtu aliyeshikwa koo. Mbwa wao mzee, aliyelala mlangoni, alinyanyuka akaanza kulia naye.

"Nilitoka nje," anasema Ardis. "Nililia mpaka kope zikagandana. Kumbe ule woga wote alikuwa nao ndani, miezi yote ile, nami nalala naye kitanda kimoja."

Leo, wiki kadhaa baada ya yule koyote wa tatu, ndiyo asubuhi yao ya kwanza tangu wabadilishane kazi. Theluji mpya imeanguka, na kwenye njia ya kijito kuna nyayo za koyote wawili, moja mbele ya nyingine. Ardis anaendesha pikapu, anaizima mbali, wanatembea bila kufunga milango kwa kishindo. Orrin amebeba bunduki ndani ya mfuko wake, kama alivyoibeba siku zote, na anakataa kusaidiwa.

Wanafika. Orrin anaketi palipokuwa pa mkewe, mgongo kwenye kichaka. Ardis analala pembeni, anafungua mfuko, anatoa bunduki, anaiweka begani.

Inamkaa sawa. Ardis anaishusha, anaigeuza. Ni bunduki aliyoachiwa Orrin na baba yake, mtu mrefu wa mikono mirefu, na kitako chake cha mti wa jozi kilikuwa kikimzidi Ardis urefu kila alipoijaribu. Sasa ni kifupi. Mwisho wake umekatwa kwa msumeno, ukasuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta. Kazi si nzuri sana. Mkato umeenda upande kidogo, kama wa mtu aliyefuata mstari kwa kupapasa.

"Umeikata," ananong'ona.

"Vidole vitatu."

"Orrin. Hii ilikuwa ya baba yako."

"Ndiyo. Na sasa mimi hainitoshi tena. Nyamaza, utawafukuza."

Ardis anairudisha begani. Baadaye, akiulizwa anatamani nini, atajibu haraka, kwa kuwa amekwisha kufikiria. "Nataka kondoo wa Noreen wazae salama. Nataka Noreen aniamini tena nikimwambia habari ya hali ya hewa. Na nataka huyu mzee, macho yakiisha kabisa, awe bado na pa kwenda asubuhi."

Orrin anainua filimbi. Mlio wa kwanza unakwama. Wa pili unatoka, mwembamba, umevunjika, unapanda mlima na kuingia kila korongo. Anaita, ananyamaza, anaita. Kisha anageuza uso kuelekea bondeni, ambako mbele yake hakuna kitu ila weupe na lile doa.

"Kuna kitu?" ananong'ona.

Ardis amelaza shavu kwenye kitako cha mti wa jozi. Anapitisha macho polepole kwenye ukingo wote wa kilima, kutoka mwisho hadi mwisho.

"Ita tu, mume wangu," anasema. "Naangalia mimi."