Brauni Tatu za Ufukwe wa Kashikishi

André Mwenze alibeba mikoba ya fimbo za gofu katika nchi tatu, na kila kiwanja alikipima kwa miguu yake. Cha Lubumbashi alikisifu kwa kivuli: mchezaji akikosea, unamngoja chini ya mti mpaka amalize kutukana. Blantyre ni vilima. Unashuka ukifurahi, unapanda ukijuta. Ndola kuna vichuguu vikubwa kama nyumba, na mpira ukipanda kichuguu, wewe ndiye wa kuufuata juu. Alipoulizwa kipi bora, alijibu: “Ndola kwa nyasi, Lubumbashi kwa kivuli, Blantyre kwa chakula cha mchana.”

Mwaka 1975, akiwa na miaka arobaini na minane, alikuwa Kashikishi, kando ya ziwa, akishona nyavu, na mkewe Emilienne akinunua samaki na kuwapeleka ng’ambo ya ziwa, Zaire. Mwaka huo akaja Nchelenge, mji wa jirani, injinia wa barabara, Rodwell Mubanga, mtu wa Kitwe, na fimbo kumi na mbili zisizo na mahali pa kupigia. Aliposikia habari za Mwenze alimwita.

“Nitengenezee mashimo matano, ba Mwenze. Jumamosi ya wiki ijayo wageni wangu wanatoka Mansa. Wakiridhika, nakuandika mtunza kiwanja.”

Kazi ya kudumu, yenye buti. Emilienne akaanza kumzoea mume asiyenuka samaki hata kabla hajampata.

Nyasi laini za kuzungushia shimo hazikuwepo, hivyo Mwenze aliamua kutengeneza brauni, yaani duara la mchanga uliosawazishwa na kumwagiwa oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Brauni mbili aliziweka karibu na nyumba ya wageni, tatu ufukweni kwenye mchanga tele. Aling’oa majani, akachekecha, akalaza ubao na kuuburuta mpaka mchanga ukawa kama meza. Mbili za juu alizimwagia oili Ijumaa. Zile tatu aliziachia asubuhi ya Jumamosi.

Asubuhi hiyo alisukuma pipa la oili hadi ufukweni, akakuta brauni zote tatu zinang’aa kama fedha. Wanawake walikuwa wameanika chisense, vile visamaki vidogo vinavyokaushwa juani, na Dorica, mkubwa wao, alikuwa akimwaga beseni la mwisho.

“Mama Dorica, hapa ni kiwanja cha gofu.”

“Gofu njo nini? Miye naona muchanga. Muzuri, hata jiwe moja hapana. Tulisema Papa Mwenze ametuhurumia.”

“Sikuutengeneza kwa samaki.”

“Basi ungeutengeneza mubaya kidogo.”

Wenzake wakacheka. Mwenze akageukia duara la pili, akamwona Emilienne ameinama na mabeseni yake mawili.

“Usiniangalie hivyo, Papa André,” alisema mkewe. “Weye mwenyewe ulisema hakuna muchanga kama huu.”

Samaki wale walihitaji jua mpaka saa kumi. Kuwazoa wakiwa wabichi ni kuwavunja. Kumwaga oili ni kuwaua mara ya pili. Na wageni wangefika saa nne. Mwenze akakaza kizibo cha pipa na kwenda kwa injinia kabla injinia hajaja kwake.

“Brauni mbili ziko tayari, bwana. Tatu zina samaki.”

“Wafukuze hao wanawake.”

“Nikiwafukuza leo, kesho watarudi. Ndola hawakubomoa vichuguu, bwana, waliviandikia kanuni. Kila kiwanja kizuri nilichokiona kina kanuni yake ya mahali hapo. Na sisi tuandike yetu: mpira ukiangukia samaki, hauna adhabu, ila mwenye samaki ndiye anayeuinua.”

“Kwa nini yeye?”

“Kwa sababu ninyi mmevaa viatu.”

Mubanga hakucheka, lakini aliiandika kanuni hiyo nyuma ya kadi ya alama.

Saa tano mgeni mmoja, Goodson, karani mkuu wa Mansa, alipiga mpira ukapaa vizuri sana ukatua katikati ya chisense. Dorica akanyanyua khanga yake, akapita kwa vidole vya miguu, akauokota mpira, akaunusa.

“Huyu bado mubichi,” alisema, akamrudishia.

Goodson alipotafsiriwa maneno hayo alicheka hata akashindwa kupiga mara mbili. Mchezo haukuisha mpaka saa nane, na wageni waliondoka na mafungu ya chisense wakavu wa jana garini.

Jumatatu Mubanga alimwandika Mwenze kazi, akampa buti, na sharti moja: oili isikaribie ziwa tena. Mashimo matatu ya ufukweni yahamishwe. Mwenze alianza kuyachimba siku hiyo hiyo upande wa barabara, penye changarawe kali, mahali ambapo hakuna mwanamke wa Kashikishi ambaye angethubutu kuanika kitu.