Kiti cha Karakana ya Reli

Wajukuu wakiniaga kwamba wanakwenda shule mimi hucheka kimoyomoyo, maana neno hilo tulilipata kwa Wadachi, wakatupatia pamoja na viboko. Kabla yao watu wa pwani walikuwa na chuo chao cha Kurani, nasi Wagogo tulikuwa na ng'ombe. Shuleni sikukaa sana. Kusoma kulinishinda, hesabu ikanishinda zaidi, lakini kuchora nilikuwa nachora. Nilimchora mbuzi wa mwalimu kwenye kibao, na mwalimu akamtambua kwa pembe lililovunjika. Sijui kama alifurahi. Alisema tu kwamba mtu kama mimi afadhali apelekwe Dodoma, kwenye karakana ya reli, akajifunze useremala kwa mikono yake, huenda kichwa kikafuata.

Baba mkubwa wangu wa Ihumwa, ndiye aliyenilea, hakulipenda jambo hilo. Alisema ananipa muda mpaka mvua za kwanza. Mvua zikifika nami sijawa kitu cha kuonekana kwa macho, narudi zizini. Nami zizi nilikuwa nimelichoka. Sisemi ng'ombe ni wabaya, nimewapenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ila ng'ombe hachoreki. Ukianza na kichwa, yeye keshageuza mkia.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la bati kando ya reli, na mchana ungeweza kuokea mkate humo. Fundi mkuu alikuwa Mdachi mwenye masharubu mazito, ambayo vumbi la mbao lilikuwa likiyaingia asubuhi na kutoka naye jioni. Hakufundisha kwa mdomo. Alishika mkono wako, akauweka juu ya randa, akausukuma mpaka ukaelewa. Wanafunzi tulikuwa wawili, mimi na Mrangi mmoja aliyeletwa kutoka Kondoa, kijana mpole wa sura na mkorofi wa ulimi. Kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa kunoa patasi na kufagia maranda. Kumbe kufagia nako ni kujifunza: ukiona maranda ya mtu ni marefu na membamba, unajua mkono wake umetulia. Yangu yalikuwa kama makombo ya ugali.

Basi mawingu yalipoanza kujikusanya, nami usingizi umeanza kunipaa, yule fundi Mdachi, ambaye sote tulimwita Bwana, akatupa mbao za mninga na karatasi aliyochora kiti. Akatuambia tukitengeneze kama karatasi, tusizidishe, tusipunguze. Kisha akapanda kiberenge, akaenda kukagua daraja.

Kiti kile kilichorwa kwa ubavu. Siku hizi hata mtoto angeelewa. Sisi tulitazama, tukaona mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, basi. Vigoda vya kwetu huchongwa kwa gogo moja, ukikishika kimoja mkononi miguu yote unaiona. Kuchora tulikuwa tukichora, lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kwenye karatasi kitu huweza kujificha nyuma ya mwenzake. Nikamuuliza Mrangi, hiki kitasimamaje? Akaniuliza kama nimewahi kumwona Bwana akianguka na baiskeli yake. Nikasema hapana.

"Baiskeli ina magurudumu mangapi? Moja mbele, moja nyuma. Na wewe, Mgogo, ukichunga unasimama kwa mguu mmoja kama korongo mpaka jua linazama. Leo kiti kinakushangaza nini?"

Tukapiga randa, tukachonga, tukatia gundi. Miguu yote miwili tukaiweka katikati, kwenye mstari mmoja. Kiti kilikuwa kizuri, sitanii. Tulikiegemeza ukutani, tukakaa chini kukitazama.

Bwana alirudi asubuhi ya manyunyu, na kabla hajavua kofia, baba mkubwa naye akaingia na fimbo yake na kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia, akaitikia, akataka nimuulize mzungu nimejifunza nini. Cha kuonyesha sikuwa nacho ila kile kiti.

Bwana akakizunguka. Akainama, akachungulia chini yake kama anayetafuta mwanambuzi aliyepotea.

"Miguu mingine iko wapi?"

"Bwana," Mrangi akasema, "karatasi haina."

Bwana akakivuta kutoka ukutani, akakikalia, akakita buti zake huku na huku, na kiti kikamchukua. Masharubu yakaanza kutikisika.

"Kwetu," akasema, "mama yangu anakamua ng'ombe juu ya kiti cha mguu mmoja. Ninyi mmezidisha."

Mimi nilishangaa kwamba ana mama, tena mkamuaji. Nilidhani wanazaliwa na buti zao. Nikamtafsiria baba mkubwa kwa Kigogo. Akauliza, je, hayo ni masifu au matusi? Nikasema sijui. Bwana alipoinuka, mzee akakigusa kiti kwa ncha ya fimbo, taratibu tu, nacho kikaanguka. Akanitazama kwa huruma ambayo hakuwahi kunionyesha hata nilipougua ndui.

"Mwanangu, mtu aliyepoteza miguu miwili ya kiti, nikimpa kundi langu jioni ataniletea mikia. Mwambie mzungu akae na wewe."

Akamwachia Bwana kile kibuyu, nadhani kwa kumpa pole, akatoka.

Tafsiri yangu ilikuwa fupi. Nilisema mzee amekubali. Bwana akaleta kiti chake mwenyewe, akatupa penseli, akatuamuru tukizunguke, tuchore kila upande, na chini pia. Mrangi akalala chali kwenye maranda, akaingiza kichwa uvunguni.

"Ni minne, Mgogo," akaniambia kutoka huko chini. "Chora."